Nilisema Anatania

Ningebaki nimekaa. Siku ile kwenye kikao cha mtaa, mwenyekiti aliponigeukia na kuniuliza kama maneno ya rafiki yangu yalikuwa ya kweli au ya utani, ningeweza kubaki kwenye kiti changu, nikakohoa kidogo, nikasema, "Muulizeni mwenyewe, si huyo hapo?" Ingetosha. Badala yake nilisimama, nikaweka kofia yangu sawa, nikasema, "Huyu anatania." Watu wakacheka, karani akaandika, na mtaa wetu wa zamani pale Singida mjini ukawa umekubali kujengewa jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili.

Mtaa wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa nyuma ya soko la zamani, nyumba zake za udongo uliopigwa lipu ya chokaa, mabati yamekuwa mekundu kwa kutu, na mbele ya kila nyumba baraza refu la saruji. Walikaa pale watu wa kila asili. Waarabu wa maduka, watu wa pwani waliokuja kufuata ngozi na samli, Wanyamwezi kutoka Tabora, na sisi Wanyaturu wachache ambao baba zetu waliacha ng'ombe wakajaribu biashara. Nyua za nyuma ziliunganishwa kwa vijilango. Mwanamke aliweza kutoka jikoni kwake na bakuli la mboga, akapita nyumba nne, akarudi na habari za mtaa mzima bila kukanyaga barabarani. Wataalamu waliokuja kupima waliviona vijilango vile wakaviita matatizo ya mipaka.

Rafiki yangu alikuwa Mnyamwezi, na nyumba yake ilikuwa ya pembeni, ukuta kwa ukuta na yangu. Tulisoma darasa moja. Mimi nikaendelea hadi kidato cha nne, nikaja kufanya kazi ya ghala hadi nikastaafu. Yeye aliingia dukani kwa baba yake akauza vitenge na sufuria. Sisi na wao ni watani tangu enzi za wazee wetu, na yeye aliuchukua utani huo kama ibada. Kila asubuhi alitoka barazani akinitafuta kwa matusi kama wengine wanavyotafuta chai.

"We mla mlenda, umeamka? Nilidhani umeteleza ukaingia kaburini moja kwa moja."

"Nimeamka, mpagazi. Nilikuwa nakusubiri unibebee ndoo."

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu. Hakubeba ndoo za watu wanaokimbilia nyuma ya mawe wakimwona mtu kavaa shati."

"Alibeba mpaka akachoka, akatua mzigo wa watu hapa. Ninyi mkaja kudanganya watoto kuwa hapa ni kwenu."

Wapita njia walisimama kusikiliza. Utani una sharti moja ambalo kila mtu kwetu analijua hata kama hakufundishwa: hukasiriki. Mtani wako akisema lolote mbele za watu, unacheka, unatafuta la kumjibu. Ukikasirika umeshindwa, na aibu yake huwafuata hadi watoto wako. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amekasirika, na yeye hakuwahi kuniona.

Wataalamu wa mipango miji walipokuja, walikuja na mchoro mkubwa uliobandikwa kwenye ubao. Jengo la vioo, refu, mbele yake miti ambayo haijawahi kuota Singida, na chini ya miti watu weupeweupe wasio na sura, hakuna hata mmoja aliyebeba kuku. Mahali pa nyumba yangu palikuwa na ngazi. Mahali pa nyumba ya rafiki yangu palikuwa na mlango mkuu.

Aliyewaongoza alikuwa binti mmoja mpole, mgeni katika mkoa wetu. Alitueleza vizuri, bila kuficha. Walikuwa na maeneo mawili. La kwanza ni mtaa wetu, la pili ni kiwanja kitupu nje kidogo ya mji. Wangependa mtaani kwetu kwa sababu ni katikati, lakini jengo lisingekaa bila ile pembe. "Mwenye nyumba ya pembeni akisema hapana," alisema, "tutakwenda eneo la pili. Hatutaki kugombana na wazee."

Waliunda kamati ya wazee, wakaniweka na mimi. Sitasingizia shida. Ni kweli bati langu lilivuja, na ni kweli watoto wangu walioko Dodoma walikuwa wakiniambia kila likizo kuwa wanaona aibu kuleta wageni kwenye nyumba ya udongo. Lakini lililonichukua hasa ni jingine. Tangu nistaafu, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jambo zito kuliko bei ya alizeti. Sasa waliniita "mzee wetu", wakaniwekea kiti cha mbele, wakaniuliza ninaonaje. Nikasema kwa maoni yangu jengo liwe na baraza kama nyumba zetu. Binti akaandika. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyepewa mji mzima.

Mke wa rafiki yangu alikuwa haoni. Presha ya macho ilimla taratibu, jicho moja kisha jingine, na ilipomaliza kazi yake alikuwa ameshajifunza nyumba nzima kwa viganja. Alijua ufa ulioko kabla ya mlango wa jikoni. Alijua kizingiti kilichoinuka, mahali lipu ilipobonyea, na pale ukutani ambapo jua la asubuhi hupasha moto kwanza. Alitoka kwake akapita kijilango hadi uani kwetu, akakaa na mke wangu wakachambua mchicha, akarudi peke yake. Mgeni asingejua. Rafiki yangu hakupenda jambo hilo lizungumzwe. Nje ya nyumba zetu mbili ni wachache waliojua kuwa macho yale yalikuwa yamezima kabisa.

Siku chache kabla ya kikao kikubwa tulitoka msikitini pamoja baada ya alasiri. Njia nzima hakunitukana, nikajua kuna jambo.

"Wakituhamisha," alisema, "yule nitamweka wapi?"

"Watakupa nyumba nzuri zaidi."

"Nzuri kwa nani? Hii anaiona kwa mikono. Huko atakuwa kipofu upya." Tulipokaribia nyumbani akaongeza, "Na mimi siwezi kusimama mbele ya watu nikamtangaza mke wangu ili nionewe huruma. Hilo siliwezi."

"Sasa utasemaje?"

"Nitasema siondoki. Si inatosha?"

Nikamwambia inatosha. Kwa hiyo nilijua. Nimejaribu mara nyingi kutafuta namna ya kuisimulia habari hii ambayo ndani yake mimi sikujua, nimeshindwa, kwa sababu tulisimama pale mbele ya nyumba yake na aliniambia kwa kinywa chake.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Tulikaa wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yametugusa videvu. Waliokubali walisema wamekubali. Kisha akasimama rafiki yangu, na kwa kuwa hakutaka kutaja sababu, akaizungushia maneno ya kuchekesha kama alivyozoea.

"Mimi siondoki," alisema. "Kama wanataka ghorofa kumi na mbili, wazipange juu ya utosi wangu. Sisi tumezoea mizigo."

Darasa likaangua kicheko. Binti akatazama huku na huku. "Samahani mzee, hapo nielewe vipi? Umekubali au umekataa?"

"Binti yangu, mpagazi akishatua mzigo haondoki mpaka apende mwenyewe."

Wakacheka zaidi. Mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyependa mambo yaishe mapema, akanigeukia. "Mzee, wewe ndiye mtani wake. Tusaidie. Hii ni kauli, au ni yale mambo yenu ya barazani?"

Nilimwona binti ameinua kalamu ananingoja. Niliwaona wazee wenzangu wa kamati wamenigeukia. Nikasimama.

"Anatania," nikasema. Na kwa kuwa darasa lilikuwa tayari kucheka, nikaongeza: "Huyu mkileta gari la kumhamisha, atapanda kabla ya magodoro yake."

Walicheka mpaka wengine wakapiga madawati. Mimi nikamtazama yeye. Alikuwa bado amesimama, mkono mmoja juu kama mtoto anayeomba ruhusa ya kujibu swali. Alikuwa na njia moja tu, kusema "Sitanii." Lakini angesema hivyo angekuwa amemkasirikia mtani mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na wangemuuliza kwa nini, na jibu la hilo swali lilikuwa macho ya mkewe. Niliyaona yote yakipita usoni mwake. Kisha akacheka, kicheko cha meno tu.

"Haya," akasema. "Mla mlenda amesema."

Akakaa.

"Basi tumeelewana," mwenyekiti akasema, na karani akainama kuandika.

Asubuhi iliyofuata rafiki yangu alikuja barazani kwangu. Sikusikia tusi lolote kabla ya kumwona.

"Hujambo, mzee mwenzangu."

Katika maisha yetu hakuwahi kuniita hivyo. Nilimkaribisha, akakataa kukaa.

"Jana ulinifunga mdomo," alisema kwa sauti ya chini. "Sikulaumu, labda ulizidiwa na kicheko. Ila nenda ukawaambie. Wewe ndiye uliyesema, na wewe ndiye wa kulitengua. Nikienda mimi wataniona kigeugeu."

"Nitakwenda kesho."

"Nenda leo."

"Leo basi."

Nilikwenda. Wataalamu walisimama nilipoingia ofisini kwao. Binti alinipa shikamoo, akanivutia kiti chenye mto, akaagiza soda. Kabla sijafungua mdomo akanionyesha mchoro mpya. Mbele ya jengo walikuwa wamechora baraza refu la saruji, na juu yake wale watu wasio na sura wamekaa wakiongea.

"Ni wazo lako, mzee," alisema. "Wenzangu wamelipenda sana."

Nililitazama baraza lile. Soda ikaja. Nikainywa yote, taratibu.

"Mzee, kuna jambo ulikuwa unalitaka?"

"Hapana, binti yangu," nikasema. "Nilikuwa napita tu, nikasema niwasalimu."

Nilirudi kwa njia ndefu, nikipita kando ya ziwa Singidani, upepo unanipiga vumbi la chumvi usoni. Nilikuwa nikitunga cha kumwambia. Nilimkuta kwenye baraza lake, amekaa mkao wa mtu anayengoja.

"Wamesemaje?"

"Wamesema wataliangalia."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante sana," alisema. "Mungu akulipe."

Alingoja jibu la swali ambalo sikuwa nimelipeleka. Wapimaji walipokuja kuweka alama nyekundu kwenye ukuta wake, alikwenda ofisini mwenyewe. Wakamwambia mpango umeshapitishwa, eneo la pili limeshatolewa kwa shughuli nyingine, na kwamba kwenye kikao hakuna aliyepinga. Aliwauliza kuhusu mimi. Binti, bila ubaya wowote, akamjibu kuwa mzee mwenzake alipita siku ile, akanywa soda, akasalimia, akaondoka.

Hakuja kunigombeza. Nilimngoja, nikawa hata natamani aje avunje mlango. Alipita mbele ya nyumba yangu akisema "Habari za asubuhi, mzee," akaenda zake. Jioni alipita tena. "Habari za jioni, mzee."

Walihamia nyumba ya matofali kwenye barabara ya kwenda Ilongero. Nyumba nzuri, nakiri, yenye madirisha ya vioo na kuta zilizonyooka. Mke wangu alikwenda kuwatembelea, akarudi, akakaa jikoni bila kuvua mtandio.

"Kuta zote zinafanana," alisema. "Anapapasa, hapati pa kushika. Kila nilipoinuka aliniuliza mlango uko upande gani. Anakaa kitandani siku nzima kama mgonjwa, na si mgonjwa." Kisha akanitazama. "Kwani wewe ulisema nini kule kikaoni?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya ofisini na soda. Alivua mtandio, akawasha jiko. Tangu siku ile mke wangu hajanitajia jina la rafiki yangu, na mimi sijathubutu kumtajia.

Sisi tulihama baadaye kidogo. Nyumba zilibomolewa kwa siku moja. Udongo hauna ubishi mbele ya mashine. Nilikwenda kutazama, nikaona vijilango vile vimebaki vimesimama peke yake kwa muda, mbao tupu katikati ya vumbi, kisha navyo vikalala.

Nilijaribu kurudisha mambo kwa njia pekee niliyoijua. Siku moja nilimkuta sokoni kwenye matenga ya kuku, akichagua jogoo. Wauza kuku walitujua. Walipotuona tumekaribiana wakaanza kusogea, wakijua patakuwa na mchezo.

Nikapaza sauti. "We mpagazi! Leo unabeba kuku? Umeshuka cheo hivyo?"

Alinigeukia kwa upole. "Namshukuru Mungu, mzee," alisema. "Na kwako hawajambo? Mama wa nyumbani anaendeleaje?"

"Mnamwona huyu?" nikawaambia watu, nikicheka, jasho linanitoka. "Ameishiwa. Mnyamwezi ameishiwa maneno!"

"Ni uzee, mzee wangu," akasema. "Haya, nawatakia siku njema." Akalipa jogoo wake akaondoka, na wauza kuku wakarudi kwenye matenga yao bila kunitazama. Kijana angeweza kudhani amenitendea adabu. Watu wa rika letu walielewa. Mtani anayekujibu kwa heshima amekufukuza.

Jengo sasa limesimama. Sitasema ni baya, maana si baya. Vijana wengi wamepata kazi mle, na ukiwa mbali, upande wa Ilongero, unaliona linang'aa jua linapozama. Baraza halikujengwa, waliniambia nafasi ilihitajika kwa maegesho. Nimewasikia wazee wenzangu wakiwalaani wale wataalamu kuwa walituvunjia mji. Mimi siwezi kuungana nao. Waliuliza. Waliuliza mbele ya watu, kwa heshima, na wakasubiri jibu, na mimi ndiye niliyejibu.

Rafiki yangu alifariki mwaka huu, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari nilizipata kwa tangazo la msikitini, kama mtu baki. Nilipanda bodaboda hadi kwake, na njiani nilikuwa nikipanga maneno. Kwetu msiba una kazi ya mtani. Masheikh hawaipendi, lakini huifumbia macho. Mtani huzuia jeneza mlangoni, humsimanga marehemu, huiga mwendo wake, mpaka walio na machozi wacheke kidogo ndipo waruhusiwe kwenda. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi. Nilitaka kuwauliza wanampeleka wapi mpagazi wangu wakati mizigo bado ipo. Nilidhani kwamba hapo, angalau hapo, hataweza kunijibu kwa heshima.

Jeneza lilipoinuliwa nikajitokeza, nikasimama mlangoni, nikainua fimbo yangu. Mtoto wake mkubwa akanifuata haraka, akanishika mkono ule wenye fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, tunakuomba ukae na wazee wengine."

"Mimi ni mtani wake," nikasema. "Unajua hivyo."

Kijana aliinamisha kichwa. Hakuwa na hasira. "Mzee alituusia," alisema kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie ninachoambiwa. "Alisema tusiruhusu mtu amtanie msibani kwake. Alisema hana mtani."

Nikashusha fimbo, nikaenda kukaa na wazee wengine. Jeneza likapita kimya. Ulikuwa msiba wa mtu aliyechekesha mtaa mzima, na hakuna aliyecheka.

Mkewe amechukuliwa na binti yao, yuko Tabora, na naambiwa huko nako hatoki chumbani bila kushikwa mkono. Mimi nakaa kwenye nyumba yenye marumaru, watoto wangu wanaleta wageni bila aibu. Mke wangu ananipikia na kunihudumia, lakini hazungumzi nami kama zamani. Nilikuwa na rafiki mmoja tangu utoto, na amekufa akiwa si rafiki yangu tena, na mwanamke aliyekuwa anaona nyumba yake kwa mikono haoni tena chochote. Hayo ndiyo yaliyopotea kwa sababu nilisimama siku ile nikasema anatania, nikijua kuwa hatanii.